Mkono wa Kulia

Mama Pindo alitoka nyumbani jua likiwa limeshakunja jamvi, akaenda kuchukua cherehani ya umeme aliyoinunua kwa Spea. Huko alikuwa ameshakwenda mara nyingi kwa shida ndogondogo, leo mkanda umelegea, kesho sindano inaruka uzi, na kila mara alirudi akinung'unika kwamba yule bwana ana maringo. Maana Spea, fundi wa mashine za kushonea, hakupokea kitu kutoka mkononi mwa mtu. Ukimnyooshea, anakuonyesha meza. "Weka hapo." Akimaliza kutengeneza, naye anaweka hapo hapo, wewe unajichukulia. Hata salamu ya mkono hakuitaka. Wengine walisema anaogopa magonjwa. Wengine walisema ni mkono wa birika uliopita kiasi, mpaka salamu anabania.

Na hili jina la Mama Pindo lisikuchanganye. Hakuwa na mtoto aitwaye Pindo, wala aitwaye vinginevyo. Wateja ndio waliombandika, kwa sababu ukigeuza gauni alilolishona yeye utadhani ndani ndiyo nje, pindo limelala limetulia, uzi hauonekani ulikopitia. Tena hakutumia karatasi za vipimo. Mteja akisimama mlangoni, yeye anamtazama tu, anachukua chaki, na mkono wake wa kulia unaanza kutembea juu ya kitambaa. Kiuno kitakaa hapa. Bega hili limeshuka kidogo kuliko lile, tulifiche hivi. Mama yake mzazi ndiye aliyemfundisha, kwa kuushika mkono ule angali mdogo na kuuongoza juu ya kitambaa, leo, kesho, mwaka, mpaka ukaijua njia wenyewe. "Yule mama ana mkono," watu walisema. Na kweli, ndiyo mali aliyokuwa nayo. Mume alikuwa dereva wa malori, nyumbani anapita kama mgeni. Nyumba ni ya kupanga. Mkono ule ukiondoka hakuna kitakachobaki, na mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Cherehani mpya halikuwa wazo lake. Wifi yake ndiye aliyemtia maneno, dada wa mumewe, waliyeshona naye chumba kimoja. "Wifi, dunia inakwenda na umeme, sisi bado tunapiga baiskeli! Tutafika lini?" Kila siku wimbo ni huo huo, mpaka Mama Pindo akachoka kuusikia.

Spea alikuwa anafunga duka. Mashine ilikuwa mezani imefunikwa shuka. Alipoifunua, Mama Pindo alijikuta anatabasamu peke yake. Nyeusi, nzito, gurudumu linang'aa. Ilinukia mafuta mapya, na chini ya mafuta ilikuwa na harufu nyingine... kama nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya fundi mmoja. Ameacha kazi."

"Amezeeka?"

"Hapana."

Spea alikuwa anatazama mlango.

"Mnashona wangapi pale kwako?"

"Mimi na wifi. Mama yangu yupo, lakini macho hayaoni tena, anatia vifungo tu kwa kupapasa."

"Mnaongea mkishona?"

"Sasa tufanye nini, bwana Spea, tununiane?"

Hakucheka. "Ongeeni. Ila mkipeana kitu, tazamaneni kwanza."

Mama Pindo alimcheka njia nzima. Mtu hapokei hata sindano mkononi, leo anafundisha watu kupeana vitu!

Sasa, ili uelewe yaliyompata, lazima ujue walivyokuwa wakifanya kazi mle chumbani. Anayeshona hainui macho. Anaita tu kipande anachokitaka, na mwenzake aliye kwenye meza ya kukatia anakinyoosha nyuma bila kugeuka. "Kola!" "Chukua." "Mfuko!" "Chukua." "Mkono wa kushoto!" "Chukua." Mkono wa gauni, bila shaka. Walishazoea kiasi kwamba midomo iliitikia yenyewe huku akili iko kwingine kabisa, kwenye kodi, kwenye umbea, kwenye mume asiyepiga simu. Hata mama, aliyekaa kwenye kiti chake pembeni na bati la vifungo mapajani, akiitwa alijibu vivyo hivyo. "Kifungo, mama!" "Chukua, mwanangu."

Mashine ile ilikuwa na mbio. Ukiigusa kwa ncha ya kidole cha mguu, imeshafika mwisho wa kitambaa. Wifi alishangilia. Kazi ya wiki nzima ikawa ya siku mbili, wateja wakaongezeka, na kila mmoja akasifu. Mama Pindo naye alifurahi, mwanzoni. Halafu akaanza kuona jambo. Zamani, akikanyaga ile ya mguu, taratibu, mishono ilikuwa inamjia kichwani. Anashona hili huku anaota lile, na kabla gauni halijaisha lingine limeshazaliwa. Sasa hakuna kinachokuja. Alikuwa anaikimbiza tu mashine, kama mtu anayeburutwa na ng'ombe. Magauni matatu yalitoka yanafanana kola, na hakukumbuka kuyafananisha.

"Ile ya zamani ilikuwa inakungoja," mama alimwambia, kidole chake kikitafuta tundu la kifungo. "Hii haingoji mtu."

"Mama naye! Ndiyo maendeleo hayo," wifi alidakia, na wote watatu wakacheka.

Wiki ile wifi alishikwa na mafua mabaya. Sauti ikamkauka kabisa, akawa ananong'ona. Siku moja kwenye magharibi umeme ulikatika. Mama alikuwa amesinzia kitini. Mama Pindo alisogeza meza karibu na dirisha ili amalizie kukata kwa mwanga uliobaki, mgongo ameupa mashine. Alimsikia wifi anasema jambo kuhusu zipu, kisha kimya. Kisha mashine ikaanza.

Tak... tak... tak...

Hakushangaa. Umeme ukikatika, mtu anazungusha gurudumu kwa mkono ili amalizie mshono. Walifanya hivyo siku zote. Ile harufu ya nguo mbichi ilikuwa imezidi, akajisemea kesho atafungua madirisha yote.

Tak... tak...

"Mkono wa kulia."

Ilikuwa sauti ya kunong'ona, imekwaruza. Mafua, alifikiri.

"Chukua," akasema, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Alidhani ameshika kile kipande cha kitambaa. Lakini kipande kilikuwa kimeteleza, kimelala sakafuni karibu na unyayo wake. Alikiona wakati ule ule, alipoinamisha macho. Mkono aliounyoosha ulikuwa mtupu.

Na ulikuwa umeshapokelewa.

Vidole viliuzunguka, taratibu, kimoja kimoja, kwa adabu kama mtu anayekupa pole msibani. Baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Akataka kuuvuta, ukakataa. Kisha kitu kikatoka... hakukuwa na maumivu, lilikuwa jambo jepesi, kama uzi unapochomolewa kwenye mshono, unasikia tu unapita, unapita, unapita, mpaka unakwisha.

Akaachiwa.

Aligeuka. Kiti cha mashine kilikuwa kitupu. Gurudumu lilikuwa linazunguka peke yake, likapunguza mwendo, likasimama.

Mlango ukafunguka. Wifi aliingia, mtandio kichwani, ameshika kifurushi.

"Zipu za bluu hawana," akanong'ona. "Nimechukua nyeusi. Wifi? Mbona umesimama hivyo?"

Asubuhi yake mkono ulionekana mzima. Ulishika kikombe, ulichana nywele, ulifunga kifungo cha blauzi. Mama Pindo akajipa moyo kwamba ni uchovu, labda alisinzia amesimama. Mteja wa kwanza akaja, msichana mrefu, anataka gauni la kazini. Akamtazama. Akachukua chaki, akauweka mkono juu ya kitambaa.

Hakuna kitu.

Mkono ulilala pale tu. Ulikuwa haujui uanzie wapi. Alijaribu kuulazimisha, ukachora mstari uliopinda kama wa mtoto wa chekechea. Akabadilisha chaki. Akabadilisha kitambaa. Msichana akatazama saa, akasema atapita siku nyingine, na Mama Pindo akakaa sakafuni akalia, kwa sauti, bila kujali nani anasikia mtaani.

Wifi alijaribu kumtuliza. Alipopewa kisa chote aligeuka pembeni kuficha kicheko. "Pumzika, wifi yangu. Umejichosha. Leo nitashona mimi."

Wifi, mtu wa kunyoosha mshono mmoja na kuombea uzi usikatike, akakaa kwenye mashine. Alipomaliza, alilinyanyua gauni juu, wote wakalitazama. Pindo limelala limetulia. Uzi hauonekani. Bega moja limeinuliwa kidogo kuficha upungufu wa lingine.

"Umeshona wewe hili?" Mama Pindo aliuliza.

"Hata sijui!" Wifi alikuwa anacheka kwa furaha. "Inakivuta kitambaa yenyewe. Mimi nasindikiza tu. Nikikosea inarekebisha, wifi, haki ya Mungu inarekebisha!"

Mama aliomba apewe gauni. Akapitisha vidole kwenye pindo, akarudia, akarudia tena. "Huu ni mkono wa mwanangu," akasema, akatabasamu. Mama Pindo alikuwa amesimama mbele yake, mikono imening'inia.

Alikwenda kwa Spea siku ile ile mchana, roho mkononi. Hakusalimia.

"Nataka kuirudisha. Na nataka kilicho changu."

Spea aliacha bisibisi. Alimtazama mkono, si uso. "Ulisemaje?"

"Nilidhani ni wifi. Nilimpa mkono wa gauni!"

"Ulisemaje, mama?"

"Nilisema chukua."

"Basi." Akashusha pumzi. "Ingekuwa imeiba, ungedai. Haijaiba. Iliomba, ukautoa mwenyewe."

"Na yule aliyekuwa nayo?"

"Alikuwa anashona suti. Ukivaa suti yake unasimama wima hata kama una madeni. Siku hizi anafunga mizigo kituo cha mabasi. Mikono anayo yote miwili, mizima kabisa. Ukimpa sindano anakuuliza ni ya nini."

Mama Pindo alishika ukingo wa meza. "Ni jini? Ni mtu kairoga? Niambie ni nini nijue pa kwenda."

"Sijui. Nimeifungua yote, mpaka nati ya mwisho. Ndani kuna chuma tu, kama kwenye nyingine." Aliokota bisibisi, akaiweka tena. "Mashine zote zinachukua, mama. Zinachukua kidogo kidogo, mtu haoni. Hii haina subira tu."

"Na wewe ulijua! Ukaniuzia!"

"Ilikuwa inaita hapa dukani," Spea alisema polepole. "Kila magharibi. Mimi pia nina ulimi, siku moja ningejisahau nikaitikia."

Mama Pindo akauliza la mwisho. "Lakini sasa imeshiba? Imepata ilichotaka?"

Spea aliishika tena bisibisi. Kisha akasema, bila kumtazama:

"Gauni lina mikono mingapi?"

Alitoka mbio. Njiani alimwona bwana mmoja wa mkokoteni akipumzika kivulini, akamwomba amfuate nyumbani, kuna mzigo mzito wa kwenda kutupwa mbali, mtoni, shimoni, popote. Bwana akasema sawa mama, tangulia, nakuja nyuma yako taratibu, gurudumu moja ni bovu. Mama Pindo akatangulia. Alijua la kufanya. Atamzuia wifi asikae pale. Atafunga mdomo wake mwenyewe kwa kitambaa ikibidi. Mkono wa kushoto haukuwa na maarifa yoyote, hata chaki haukuijua, lakini ulikuwa wake na hautatoka.

Hakumfikiria mama. Ndilo lililomtesa baadaye. Hata kidogo hakumfikiria.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye kona ya nyumba yao. Taa za mtaa wote zilikuwa zimezimika. Alimkuta wifi nje, mbele ya mlango wa jirani, anamwonyesha mtu lile gauni, anacheka. Kwa hiyo ndani hakuna anayeshona. Akashukuru Mungu, akapunguza mwendo, akavuta pumzi.

Ndipo akasikia.

Tak... tak...

Akasimama kwenye kizingiti. Chumba kilikuwa na giza la kijivu. Mama yuko kwenye kiti chake, kifungo kimoja vidoleni, sindano kwenye vidole vya mkono wa pili, uso umeelekea upande wa mashine, umetulia, una furaha.

Na kutoka kwenye kiti kitupu cha mashine ikaja sauti. Haikuwa ya kunong'ona tena. Haikuwa na mkwaruzo.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Mama... nipe mkono wa kushoto."

Kila kitu kilikuwa mle. Ule upole anaoutumia kwa mama tu. Ile tabia yake ya kuvuta herufi ya mwisho akichoka. Mama Pindo alifungua mdomo apige kelele, lakini mama alimtangulia.

"Chukua, mwanangu," mama akasema.

Akaunyoosha mkono wake mzee, ule ule wa kushoto ulioshikilia kitambaa wakati wa kulia ukimwongoza mtoto. Kifungo kilianguka sakafuni, kikaviringika. Mkono ukabaki hewani, umeshikwa. Mama Pindo alirukia, akamkumbatia mama, akamvuta kwa nguvu zake zote, na hakuhisi kumvuta kutoka kwa mtu. Aliona tu ngozi ya vidole vile ikibonyea, hapa na hapa, kama inaminywa.

Kisha mkono ukaachiwa.

Mama alirudi kwenye kiti, akahema kidogo. Sindano ilikuwa bado kwenye vidole vya kulia. Aliigeuzageuza. Alijaribu kuukaribisha mkono wa pili, ukapapasa hewani, ukapita, ukarudi, haukujua tena kitambaa kinashikwaje. Uso wake ukakunjamana, kama mtu aliyepotea njia ya kwake.

"Mbona umenishika kwa nguvu hivyo?" akauliza. "Mwanangu? Si wewe uliyeita?"

Mama Pindo alipiga magoti mbele yake. Angemwambia nini? Kwamba ile sauti tamu aliyoiitikia si ya mtoto wake? Kwamba katika chumba hiki, katika giza hili asiloweza kulitofautisha na mchana, kuna kingine kinachomwita mama, na kitaendelea kumwita? Aliishika mikono yake yote miwili. Ilikuwa myepesi, haina kazi.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni mimi niliyeita."

Mama akatulia. Akamlaza kichwa kifuani.

Nje, mkokoteni ulisikika ukija, gurudumu bovu likilia. Ukasimama. Bwana akagonga ukuta kwa kiganja.

"Hodi! Mama, ule mzigo uko wapi?"

Mama Pindo akainua kichwa ajibu.

"Hakuna mzigo tena, baba," sauti yake ikasema nyuma yake, kutoka kwenye mashine, kwa upole. "Nimebadilisha mawazo. Samahani kwa usumbufu."

Ulimi ulikuwa wake, kelele alikuwa nazo, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitosha. Lakini mama alikuwa amemkumbatia, sikio lake liko karibu na mdomo wake, na angesikia sauti mbili.

"Haya mama, hakuna shida," bwana akasema.

Mama Pindo akanyamaza, mpaka gurudumu likaacha kusikika.